Tangazo Nililolipeleka kwa Kicheko

Mwaka jana wakubwa wa elimu wa wilaya waliniita Kibiti niwaeleze walimu wakuu namna ya kuzungumza na wazazi. Walikuja walimu wa Mchukwi, wa Mahege, na wawili kutoka visiwani ambao viatu vyao vilikuwa bado na tope la mikoko. Mimi ni mzee niliyestaafu, meno ya mbele sina, lakini jina ninalo. Inasemekana hakuna mzazi wa Rufiji aliyewahi kuninyima mtoto. Basi nikasimama nikawaambia niliyozoea kuyasema. Wafuateni wazazi, msiwaite. Msiwasomee karatasi kama mahakimu. Mkute mtu kwenye kazi yake, shika naye jembe kidogo, cheka naye, ndipo useme lililokuleta. Wakaandika yote kwenye vitabu vyao. Afisa mmoja akanishukuru, akasema nimewapa dawa. Nikanywa chai yao, nikarudi kwangu, na njia nzima nilikuwa naona haya. Jambo moja kubwa lililonipata katika kazi hiyo nililiruka. Nimekuwa nikiliruka tangu ujana wangu, na leo naliandika kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Vita vya Maji Maji vilipoanza nilikuwa na miaka kama ishirini, mwalimu msaidizi katika shule ya serikali karibu na boma la Wadachi, ndio Wajerumani. Asubuhi nilifundisha herufi na hesabu. Mchana nilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuwa na jina, kwenda kuwasemesha wazazi.

Wazazi wa siku zile hawakuitaka shule yetu hata kidogo. Walisema watoto watafanywa askari, au watabatizwa, au watatiwa melini wapelekwe Ulaya wasirudi. Bwana mkubwa wa shule, Mdachi mmoja mrefu aliyependa kupiga meza, alipeleka barua kwa majumbe, na majumbe wakajibu kwa heshima nyingi sana, kisha wakamletea yatima na watoto walioshindikana majumbani mwao. Akapeleka askari. Askari walipofika, vijiji vilikuwa vitupu, moto umeachwa unawaka jikoni. Ndipo aliponituma mimi, na mimi nikarudi na watoto wanne ndani ya mtumbwi wakiwa wanaimba. Akanitazama kama mtu aliyeona mazingaombwe. Hakujua, wala sikumwambia, kwamba siri yangu yote ilikuwa utani.

Kwa upande wa baba mimi ni Mmatumbi, watu wa milimani. Wale wa visiwani, kule Maparoni na vijito vyake, ni watani wetu toka kwa mababu. Msomaji kijana huenda ameuona utani kwa mbali tu, akadhani ni mzaha wa kupitisha wakati. Kwetu ulikuwa ni sheria. Mtani wako anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anakula, anamtukana mama yako, anakuita mtumwa aliyenunuliwa kwa kibaba cha chumvi, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa moja tu, kumrudishia. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kuiba. Na ukifiwa, ni yeye anayekuja kuchimba kaburi, na ni yeye anayewachekesha wafiwa, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyotembea na alivyosema, mpaka watu wapate nguvu ya kula.

Basi nilikuwa nafika kwa wazazi na matusi yangu tayari. "Enyi wala kambale, mnaolala juu kama kunguru, nimekuja kuchukua watumwa wangu!" Nao walitoka wanacheka, wananitukana, wananipa samaki, na katikati ya kicheko hicho mtoto anatolewa. Mtu hawezi kumwogopa anayemcheka. Nililijua hilo mapema, na nilijisifu nalo kupita kiasi.

Familia niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mchonga mitumbwi mmoja wa upande wa Maparoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mikono yake ina makovu ya tezo, lile shoka la kuchongea. Aliishi na mkewe, mama yake mzazi, na mtoto wao mmoja wa kiume ambaye nilikwishamleta shule. Maji ya mafuriko yakishapungua, watu wa kule hupanda mahindi kwenye tope lililobaki, nao huhamia shambani, kwenye vibanda vya juu vya miti viitwavyo madungu, wapate kulinda nguruwe na nyani. Nilipanda ngazi ya dungu lao mara nyingi kuliko ngazi ya msikiti, Mungu anisamehe. Mke wa mchongaji ndiye aliyekuwa bingwa. Nilipokuja kumchukua mtoto aliniambia, "Mchukue na baba yake, mtani, maana wote wawili wanakula na hawashibi." Masikio yangu ni makubwa. Yeye hakuniita jina langu hata siku moja, aliniita Masikio, na sauti yake niliisikia toka kwenye kijito kabla sijaufunga kamba mtumbwi wangu.

Sasa nieleze desturi moja, maana kosa langu lote liko hapo. Habari ya kifo au ya hatari haipelekwi na mtani. Akipelekwa mtani atadhaniwa anatania, na watu watacheka huku maiti imelala. Kwa hiyo mtani mwenye neno zito humtafuta mtu asiye mtani, akamwambia, naye huyo ndiye anayekwenda kusema. Hili halikuandikwa popote. Mtoto wa miaka saba analijua. Mimi nililijua.

Na mtu wa kumwambia alikuwapo. Penye gati ya mitumbwi alikaa mwalimu wa chuo, aliyewafundisha watoto Kurani, mtu wa pwani ya kusini asiyekuwa na utani na yeyote kati yetu. Hatukupendana. Yeye hakunitendea ubaya wowote, ila siku moja tulipokuwa tunasubiri maji yajae aliniambia kwa upole, "Weye wanakupa watoto. Miye wananiuliza." Neno lile lilinichoma. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nilikuwa nimejaza mabenchi mawili kwa ulimi wangu, na huyu msuka ukili wa mikeka ananiambia kwamba sijaaminiwa.

Vita vilikuja kwanza kama minong'ono. Kuna dawa ya maji juu ya mto. Kuna watu wamekwenda kuichukua. Kisha tukasikia kwamba milimani watu wameng'oa pamba ya serikali, kisha kwamba damu imemwagika. Milimani kule ndiko kwa baba yangu. Toka siku hiyo Wadachi wa bomani walianza kunitazama kwa muda mrefu kidogo kila nikipita, na askari mmoja niliyekuwa nacheza naye bao akaacha kucheza nami. Nilikuwa naogopa. Naliandika hili si kwa kujitetea, lakini msomaji ajue kwamba niliogopa na kwamba nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana mtu wao.

Siku moja Bwana Shauri, mkuu wa boma, alimwita bwana wa shule, na bwana wa shule akaniita mimi. Palikuwa na karatasi mezani. Bwana Shauri alisema Kiswahili cha bomani, kilichonyooka, hakina tabasamu. Akaniambia wazazi wote wenye watoto shuleni wanapewa nafasi. Wavuke na jamaa zao na chakula chao, waje wakae karibu na boma kabla ya jua la Ijumaa kuzama. Atakayekutwa visiwani baada ya hapo atahesabiwa adui, na nyumba yake na chakula chake vitachomwa. "Wewe ndiye unayejua kusema na hawa," akasema. "Utawasomea neno kwa neno. Kila aliyesikia atie alama yake hapa chini, tujue habari imefika."

Nikatoka na karatasi ile kifua mbele. Ilikuwa Jumatano.

Kwa haki ya Mungu nilianza vizuri. Nilipokuwa napiga kafi nilijiambia leo sitatania. Nilikuwa nimeona askari wakipanga risasi, nilijua haya si maneno ya kutisha watoto. Nilipofika kwa mchongaji nilipanda ngazi kimya, nikakaa, nikakunja uso, nikasema, "Nina neno."

Mke wa mchongaji alikuwa anapuliza moto. Akageuka, akaniangalia, akaweka mkono kiunoni. "Haa! Leo Masikio umevaa uso wa nani huo?"

Mama mkwe wake akacheka. Mchongaji akacheka, akaweka tezo chini. Nami nikaona uso wangu ukiyeyuka. Ningeweza kungoja wamalize. Ningeweza kusema, ngojeni, namwita mwalimu wa chuo aje aseme hili. Lakini kicheko chao kilikuwa kitamu, nilikuwa nimekikosa siku nyingi kwa sababu ya hofu za bomani, na kwa muda ule mfupi nikajiona tena mtu anayependwa. Nikasimama katikati ya dungu, nikavuta pumzi kifuani, nikashika ndevu ambazo sina, nikaisoma karatasi yote kwa sauti ya Bwana Shauri.

Niliisoma neno kwa neno. Hilo ni kweli, na ndilo nililoling'ang'ania baadaye. Sikuacha hata herufi moja. Lakini niliisoma kwa pua, nikigonga visigino kila nikifika kwenye nukta, na nilipofika kwenye "atahesabiwa adui" nikamnyooshea kidole bibi kizee, naye akajifunika kanga akicheka mpaka machozi.

"Na mahindi yangu atayalinda nani?" akauliza mchongaji akifuta macho. "Weye?"

"Nguruwe watakulindia," nikasema. "Wao ni ndugu zako."

"Na tukija huko bomani tutalala wapi?"

"Mke atalala kwangu. Weye utalala na punda wa Bwana Shauri."

Mkewe akaniambia nimwambie Bwana Shauri aje yeye mwenyewe, atampikia. Nikatoa wino. Nikamwambia mchongaji atie alama, msalaba mdogo unatosha. Akasema msalaba haandiki, yeye Mwislamu. Akashika kalamu ile kama anashika tezo, ulimi nje, akachora masikio mawili makubwa. Tulicheka wote. Nilipokuwa nashuka ngazi nilipata wazo kwamba labda hawakuelewa. Wazo lilikuja hivyo hivyo, wazi. Nikalijibu kwamba wameelewa, ni watu wazima, na maji yanakupwa, na nina madungu saba mengine.

Kote nilikwenda kwa mtindo ule ule. Mmoja alichora samaki, mwingine ndoana. Mahali pamoja tu hawakucheka. Palikuwa na mwanamke wa Kilwa aliyeolewa visiwani, si mtani wangu, naye alisimama nyuma ya mumewe akinitazama mdomo. Nilipomaliza aliuliza, "Ijumaa hii inayokuja?" Nikasema ndiyo, hii inayokuja. Akaingia ndani.

Nikirudi nilipita gatini. Mwalimu wa chuo alikuwa ameketi anasuka ukili, watoto wachache mbele yake. Akaniamkia, akauliza habari za bomani. Karatasi ilikuwa kifuani mwangu. Palihitajika sentensi moja. Ningemwambia, mwalimu, nenda kwa wazazi hawa wanane, waambie ni kweli. Angekwenda. Alikuwa na mtumbwi, alikuwa na siku mbili, na wangemsikia. Lakini niliona kwamba nikimtuma yeye, itakuwa nimekubali lile neno lake. Nikasema, "Salama tu," nikapita.

Bomani Bwana Shauri alizitazama zile alama, akatikisa kichwa mbele ya masikio na samaki, lakini hakuuliza. Alihesabu nane. "Kazi nzuri," akasema. "Habari imefika." Nilirudi chumbani kwangu nimefurahi. Sitadanganya, nilifurahi kweli.

Ijumaa adhuhuri walikuwa wamevuka watu wa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya ndugu wa jumbe, ambaye alikuwa na watu wa kumpa habari bomani. Ya pili ilikuwa ya yule mwanamke wa Kilwa. Alikuja mbele ya mumewe, amebeba kuku na kinu, na mumewe nyuma anamlalamikia njia nzima kwamba amewafanya wachekwe na kijiji. Nikamwona anatua kinu chake kwenye uwanja wa shule. Papo hapo nilielewa jambo lote, mwanzo mpaka mwisho. Asiye mtani wangu ndiye aliyesikia.

Jua lilikuwa bado juu. Mtu mwenye kafi nzuri angefika kwa mchongaji kabla ya magharibi. Nilikwenda mpaka ukingoni. Mitumbwi ilikuwapo. Askari wa zamu akaniuliza nakwenda wapi wakati kama huu, Mmatumbi mimi, na alilisema kabila langu kwa namna ambayo hakuwa akilisema zamani. Nikasema nimekuja kunawa miguu. Nikanawa miguu. Nikarudi.

Askari walivuka Jumamosi alfajiri. Kufika saa mbili tuliuona moshi kutoka uwanja wa shule, mweupe kwanza, kisha mweusi, makuti yaliposhika moto. Mtoto wa mchongaji alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliosimama kutazama. Aliniuliza kama ule ni upande wa kwao. Nilimwambia upande ule ni mpana.

Mke wa mchongaji na mama mkwe wake waliponea mikokoni, wamekaa kwenye maji mpaka shingoni. Mchongaji mwenyewe alikamatwa akirudi shambani kuokoa tezo zake. Hakuwa amekunywa dawa ya maji wala kupakwa. Hakuwa na mkuki. Alikuwa fundi mitumbwi aliyekutwa visiwani baada ya jua la Ijumaa.

Jumapili niliitwa bomani. Walikuwa wamemsimamisha mbele ya meza, amefungwa mikono, matope yamemkaukia miguuni. Aliponiona uso wake ulifunguka. Ndivyo ulivyokuwa, siongezi. Alifurahi kuniona.

Bwana Shauri alimwekea karatasi mbele. "Alama hii ni yako?"

"Yangu, Bwana."

"Ulisomewa?"

"Nilisomewa."

"Yote?"

"Yote, Bwana."

"Mbona hukuvuka?"

Mchongaji akanigeukia. Alikuwa na kicheko kidogo cha aibu, cha mtu aliyepatikana na mchezo wa mwenzake. "Nilidhani mtani ananitania," akasema.

Bwana Shauri akaniangalia. "Anasema nini huyu? Mtani ni nini?"

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika toka mwanzo, na hapa ndipo ninapotaka kuacha kuandika. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nafasi nzima ya kulitoa, hakuna aliyenikatiza. Ningesema, Bwana, sisi na hawa tuna desturi, na mimi nilikosea, niliisoma amri yako kwa mzaha, niliiga sauti yako, huyu hakuweza kujua. Ningechapwa viboko ishirini na tano. Ningefukuzwa kazi. Pengine kwa kuwa mimi ni Mmatumbi wangenifanyia zaidi. Lakini yule alikuwa anasubiri neno langu moja, na uhai wake ulikuwa humo.

Nikasema, "Sijui anasema nini, Bwana. Mimi nilisoma kama ilivyoandikwa."

Mchongaji aliendelea kunitazama na kile kicheko chake. Nadhani hata pale alidhani nitamalizia. Alidhani nitageuka niseme, haya, mfungueni mla kambale huyu, nilikuwa nacheza. Ndivyo tulivyozoeana. Walipomshika mabega kumtoa, bado alikuwa anageuza shingo kuniangalia.

Walimnyonga Jumatatu asubuhi. Mimi nilikuwa darasani. Niliwasimamisha wanafunzi wote, nikawaambia wasome herufi kwa sauti, juu zaidi, juu zaidi, na mtoto wake alikuwa benchi la mbele anasoma kwa nguvu kuliko wenzake kwa sababu siku zote alipenda nimsifu. Nikamsifu.

Matanga yalikaliwa Kibiti, kwa kaka wa mjane, kwa kuwa kule visiwani hapakuwa na paa lililobaki. Ningeweza kutokwenda, njia zilikuwa mbaya. Lakini mtani asipokuja msibani huulizwa, na mimi sikutaka kuulizwa. Nikapata ruhusa, nikamchukua mtoto, tukaenda. Watu walikuwa wameketi uani wamenyamaza, kimya cha msiba ambao haujapata mtani. Waliponiona wakahema. Bibi kizee, mama wa marehemu, akasema, "Afadhali. Amekuja mwenyewe."

Mjane alikuwa ndani, ameanza kukaa eda, nyuma ya ukuta wa makuti. Sikumwona. Nilisikia sauti yake tu, imekauka.

"Masikio, ndiye weye?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema ulikuwapo bomani siku waliyomhukumu. Siye hatukuwapo. Basi mwige. Mume wangu alisemaje mwisho wake?"

Wakanipa kikoi cha zamani cha marehemu, kilichokuwa kwa shemeji yake toka siku nyingi. Desturi haina mlango wa kutokea. Nikajifunga kikoi kama alivyokuwa akijifunga, chini ya kitovu, nikainamisha bega moja kama alivyokuwa akiinamisha kwa ajili ya tezo. Watu wakaanza kutabasamu kwa machozi, maana nilikuwa hodari wa kuiga. Nikasema kwa sauti yake, na kwa kile kicheko chake cha aibu:

"Nilidhani mtani ananitania."

Uani wakaangua kicheko. Mtu mmoja alipiga paja. Walikuwa hawajacheka siku kadhaa na kicheko kiliwatoka kwa nguvu. Nikavua kikoi. Nikainua mikono yote miwili, nikapaza sauti, nikasema, "Nyamazeni. Sitanii. Ndivyo alivyosema, na aliniangalia mimi, na Bwana Shauri akaniuliza maana yake, nami nikamkana. Nilisema sijui. Ni mimi niliyemuua."

Wakacheka zaidi. Wengine wakalala chini. Mzee mmoja akasema kwa shida, "Mnamwona Mmatumbi! Eti Bwana Shauri rafiki yake, humwuliza maana ya maneno!" Nikarudia. Nikasema wallahi. Kila nilivyorudia, ndivyo walivyoshika mbavu, na nyuma ya makuti nikamsikia mjane naye anacheka, kwanza kwa kujizuia, kisha kwa sauti yake ile ya zamani ya dunguni, mpaka akakohoa.

"Mungu akupe heri, mtani," akasema alipopata pumzi. "Toka siku ile sijacheka. Mpeni chakula."

Nilisimama pale nikitafuta uso mmoja usiocheka nipate kuuambia, na sikuupata. Bibi kizee akanishika mkono, akanikalisha mkekani, akaniletea sahani ya wali na paja la kuku, fungu la mtani. Akasema nile, nimefanya kazi. Nikala.